Tiketi ya Ijumaa

Mdogo wangu alitaka kusafiri Jumamosi. Alikuwa amekaa kwangu Dar es Salaam wiki tatu, analala sebuleni, na Ijumaa jioni kulikuwa na mechi aliyotaka kuiona kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Chini ya meza kulikuwa na mota ya cherehani niliyomnunulia mama Kariakoo, na mama alishapiga simu mara mbili, kwa ile sauti yake ya kuulizia kitu huku akijifanya haulizii. Nikamwambia kijana, "Nenda Ijumaa. Mechi zipo kila wiki." Akacheka, akasema sawa kaka. Alhamisi nikapita stendi ya mabasi ya Ubungo nikamkatia tiketi mwenyewe: siti ya dirishani, upande wa kushoto, ili jua la asubuhi lisimchome njia nzima akielekea Tanga.

Walipoiacha Mkata, kabla hawajafika Kabuku, tairi la mbele lilipasuka. Basi likaserereka, likalalia ubavu wa kushoto mtaroni. Watu wawili walifia pale pale. Mdogo wangu alitolewa akiwa hai, mguu wa kushoto umesagika, na siku ya tatu madaktari wakaukata chini ya goti. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mota ya cherehani haikupata hata mkwaruzo. Askari wa usalama barabarani aliitoa kwenye buti na kunikabidhi ikiwa kwenye boksi lake, kamba zangu zikiwa vile vile nilivyozifunga. Mama hajawahi kuitumia mpaka leo.

Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na nimegundua kwamba mguu wenyewe, kama mguu, tulishauzoea nyumbani. Kinachonirudia ni siku zile za mwanzo na maneno yaliyosemwa ukumbini kwa mama.

Hakuna aliyekuwa amekufa kwetu, lakini watu walikuja kama wanavyokuja msibani. Viatu vilijaa mlangoni, mabinti wa jirani wakashika jiko. Kila aliyeingia alikuwa na neno lake, na maneno yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Imeandikwa. Ajali haina kinga. Ndiyo kadari, tutafanyaje. Jirani yetu mmoja Mkristo, mama wa Kisambaa kutoka Bumbuli, alimshika mama mikono miwili akamwambia Mungu ana makusudi yake. Mzee mmoja wa msikitini alianza, "Siku ya kufa nyani miti yote huteleza," kisha akakumbuka kwamba nyani wetu hakufa, akakohoa, akamalizia, "Alhamdulillahi, mti mmoja haukuteleza." Hata mama alicheka.

Sitayabeza maneno yale. Yalinishika mkono. Usiku nilikuwa nalala nikiiona ile tiketi, karatasi nyembamba yenye maandishi ya peni ya bluu, na mkono unaoilipia ni wangu. Mtu aliposema "imeandikwa" ilikuwa kama ameichukua ile karatasi kiganjani mwangu kwa upole akaiweka mahali pa juu nisipopafikia. Nikaweza kula.

Siku ya tisa akaja mwenye basi.

Alikuja vizuri, siwezi kumsingizia. Alikuja na wazee wawili, kanzu nyeupe, bahasha mfukoni. Akasalimia kila mtu, akampa mama pole, akakaa chini kwenye mkeka kama sisi. Kisha akasema, "Wazee wangu, ndugu zangu, hii ni kazi ya Mungu. Hakuna aliyependa." Baba mdogo akaitikia, "Kweli kabisa." Na mimi, niliyekuwa nimekula chakula cha siku nane kwa nguvu ya maneno hayo hayo, nikahisi damu inanipanda kichwani.

Nilikuwa nimeliona basi lake. Siku moja kabla nilikwenda kituo cha polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na begi la mdogo wangu, nikalikuta limeegeshwa uani, limebonyea upande mmoja kama kopo lililokanyagwa. Tairi lililopasuka lilikuwa limebaki vipande. Lakini la upande wa pili lilikuwa zima, nikapitisha kiganja juu yake. Kipara. Laini kama paja la mtoto. Tairi la namna hiyo halihitaji kuandikiwa kitu na mtu yeyote aliye mbinguni.

Maneno yalikuwa yale yale. Mama aliyasema akiwa hana alichokifanya. Mwenye basi aliyasema akiwa na alichokiacha bila kukifanya. Nami nilikuwa katikati, sijui niko upande wa nani.

*

Tazama neno lenyewe, ajali. Sisi tunalisikia na kuona magari: ajali mbaya Kitonga, ajali ya bodaboda, ajali kazini. Kwa Kiarabu lilikotoka, ajal ni muda uliowekwa, ukomo wa kitu, siku ya mwisho ya deni au ya roho. Ndilo neno la Kurani katika Sura ya saba, aya ya 34, kwamba kila umma una ajali yake, na ikifika hawataichelewesha hata saa moja wala kuitanguliza. Wazee wa pwani bado wanalitumia hivyo. Mtu amekufa kitandani kwake kwa uzee, wanasema ajali yake imefika. Kwa hiyo tunapolitaja basi lililopinduka kuwa limepata ajali, tumeshatoa hukumu kabla trafiki hajafungua daftari. "Ajali haina kinga" ukiisikiliza kwa sikio la zamani ni ukweli mtupu, maana siku yako ikifika nani ataizuia. Ukiisikiliza kwa sikio la Ubungo ni kisingizio, kwa sababu ajali ya basi ina kinga na kinga yake inauzwa dukani, inchi ishirini na mbili na nusu, mpya.

Lugha hii imejaa mitego ya namna hiyo. Kadari ni ndugu wa kadiri, wa kadiria, wa makadirio. Mzizi mmoja, maana yake kupima. Fundi anayekukadiria mifuko ya saruji, waziri anayesoma bungeni makadirio ya mapato na matumizi, na Mola anayekadiria umri wako, wote wameazima kitenzi kimoja. Hiari nayo imetoka mzizi mmoja na kheri. Halafu kuna kujaliwa, kitenzi ninachokipenda kuliko vyote. "Nikijaliwa nitakuja." "Tukijaliwa mwakani." Barua zetu za zamani zilikuwa zikiishia na "panapo majaliwa tutaonana." Mtendaji hatajwi, na kila mtu anajua ni nani. (Inshallah siihesabu humu. Pwani mtu akikujibu "inshallah" kwa kuivuta kidogo, mtafute mwingine wa kukusaidia kuhamisha kabati.)

Mtu aliyelelewa ndani ya lugha hii haanzi mjadala wa hiari na kadari akiwa mweupe. Ameshaupokea nusu yake kabla hajaota meno.

*

Nusu nyingine nilipewa chuoni. Nilisoma madrasa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba ambazo mgeni akielekezwa anadhani anataniwa. Tulikuwa tunaimba nguzo sita za imani kwa sauti moja, tunayumba mbele na nyuma: Mungu, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho. Ya sita, kuamini kadari, kheri yake na shari yake, kwamba yatoka kwa Mungu. Tano za kwanza ziliniingia bila matatizo. Ya sita ilinikwama kama mwiba wa samaki.

Siku moja sikuwa nimehifadhi. Maalim akanyoosha mkono kuchukua fimbo, nami kwa ujanja wa mtoto wa miaka tisa nikasema, "Maalim, si Mungu ameandika kwamba leo sitahifadhi?" Chuo kizima kikanyamaza. Maalim akafikiri kidogo, akasema, "Kweli. Na hizi tatu pia ameziandika." Nikala tatu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba jibu lile lilikuwa na ukoo mrefu. Husimuliwa kwamba mwizi mmoja aliletwa mbele ya Omar bin Khattab, khalifa wa pili, akajitetea kwamba ameiba kwa kadari ya Mungu, naye Omar akamjibu kwamba na adhabu anaipata kwa kadari hiyo hiyo. Ni jibu zuri kwa mwizi na kwa mtoto mjanja. Kwa mtu anayeuliza kwa dhati halijibu kitu. Linafunga mdomo tu.

*

Mwaka uliofuata baada ya ajali nilikwenda kumuona maalim. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina ukungu, lakini kila baada ya alasiri bado alikuwa anakaa barazani na birika la kahawa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha. Akaniuliza hali ya mgonjwa. Kisha akanyamaza, akanimiminia kikombe, akanisogezea kashata. Alijua nimekuja kwa jambo.

Nikamwambia kuhusu tiketi. Nikamwambia na kuhusu mwenye basi. Nikamuuliza kwa nini neno moja linakuwa dawa kwenye mdomo mmoja na sumu kwenye mwingine.

Hakunijibu moja kwa moja. Walimu wa chuo hawana tabia hiyo. Alianza na safari ya Omar kwenda Sham, nchi za upande wa Syria, mwaka wa 18 Hijria, ambao ni 639 wa Miladi. Omar alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake wakamlaki na habari kwamba Sham kumeingia tauni, ile iliyokuja kuitwa tauni ya Amwas. Akashauriana na watu, wengine wakamwambia aendelee, wengine arudi. Akaamua kurudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah, kamanda mkuu na mtu wake wa karibu, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu?

"Omar hakupenda swali lile litoke kwake yeye," maalim akasema. "Akamwambia laiti angeuliza mwingine, ewe Abu Ubaida. Naam. Tunakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu." Kisha Omar akampa mfano wa mtu aliyeshuka na ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, moja majani tele, nyingine kavu. Ukilisha penye majani umelisha kwa kadari ya Mungu, na ukilisha penye ukame umelisha kwa kadari ya Mungu.

Nikasema, "Kwa hiyo popote utakapokwenda upo ndani."

"Upo ndani," akasema. "Lakini angalia, alirudi."

Maalim hakuongeza neno kwa muda mrefu, akawa anamenya kashata yake kwa kucha. Omar aliamini kila kitu kimeandikwa kuliko mimi na wewe tutakavyowahi kuamini, na imani hiyo haikumzuia kugeuza ngamia. Abu Ubaida alibaki na watu wake Sham, na tauni ile ndiyo iliyomuua. Sijawahi kusikia mtu wa dini akimlaumu mmoja wao.

Halafu maalim akanipa ya pili, hadithi ya Adam na Musa. Musa alimlaumu Adam: wewe ndiye baba yetu, ndiye uliyetutoa peponi. Adam akajibu: wanilaumu kwa jambo alilonikadiria Mungu miaka 40 kabla hajaniumba? Na Mtume akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja.

"Lakini si huyo ni mwenye basi tu?" nikamuuliza. "Ndiyo lugha yake hiyo hiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hapana. Adam alishatubu. Musa hakumuuliza habari ya dhambi, alimlalamikia msiba uliotokana nayo, kutolewa peponi. Kadari ni ya kuegemea kwenye msiba, mwanangu. Kwenye kosa haiegemewi. Mwenye basi angekuja akasema tairi ni langu, nimekosa, kisha akasema na yaliyokwisha kuandikwa yamekwisha, nani angemkatalia?"

Hapo nilitulia kidogo. Nikaona walau mama na mwenye basi nimeshawatenganisha. Nikaendelea, "Na mimi? Kununua tiketi ni kosa au ni msiba?"

Akatazama barabarani. Mtoto alikuwa anapita anasukuma ringi ya baiskeli kwa fimbo. "Ulimfunga ngamia?" akauliza. Alikuwa anakusudia ile hadithi ya bedui aliyeuliza amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa mfunge kisha tegemea. Nilitaka kumwambia kwamba nimeishi Ngamiani miaka kumi na minane na sijamuona ngamia hata mmoja, na kwamba abiria hana pa kumfunga wa kwake: hakagui matairi, hapimi dereva amelala saa ngapi. Anakata tiketi, anasema bismillahi. Sikumwambia. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu.

*

Nilichobaki nacho ni swali gumu zaidi, ambalo hadithi za maalim hazikuligusa, na kwa haki yake nadhani alikwepa kwa makusudi. Mungu alijua. Sawa. Maustadhi wanapenda mfano wa mwalimu anayemjua mwanafunzi wake atakayefeli: kujua kwake hakumfelishi. Mfano huu nimeusikia kwenye mihadhara, kwenye redio, hata kwenye foleni ya benki. Una kasoro moja kubwa. Mwalimu hakumuumba mwanafunzi. Hakumpa kichwa kile, wala nyumba ile isiyo na taa, wala baba yule mlevi. Mwenye kujua tu unaweza kumwachia ajue. Mwenye kuumba hana pa kusimama nje ya jambo.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa." Tunautumia msemo huu kuwafundisha vijana kwamba mafanikio yana jasho nyuma yake, lakini wahubiri wa dini zote mbili nimewasikia wakiutumia kumthibitisha Muumba: chombo hakijiundi. Vizuri. Na kikizama? Pangani na Tanga kuna mafundi wa majahazi na ngalawa ambao wakiangalia mbao wanakwambia itavuja wapi. Fundi akikuuzia chombo anachojua kitavuja, hatutamwambia "kumbe ulijua tu." Kinachomsalimisha fundi wa kibinadamu ni kwamba bahari si yake na nahodha si wake. Muumba hana udhuru huo, maana mbao, upepo na nahodha vyote ni vyake.

Wanazuoni hawakuwa wajinga wa jambo hili. Karne za mwanzo za Uislamu waliligombania mpaka wakagawanyika. Kulikuwa na Majabria waliosema mtu ni kama unyoya kwenye upepo, na Mutazila waliosema mtu ndiye muumbaji wa vitendo vyake, vinginevyo Mungu hana haki ya kumuadhibu. Abul Hasan al-Ashari, ambaye itikadi yake ndiyo tuliyorithi Masuni wa pwani hii, alifariki Baghdad katika karne ya 10 akiwa ameacha njia ya katikati: Mungu huumba kitendo, mja hukichuma. Kasb. Kiswahili kimelitendea haki neno hili kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kuchuma kwetu ni kuchuma pesa na ni kuchuma embe. Mwembe hukuupanda, jua si lako, embe hukuliivisha. Lakini mkono ulionyooka ni wako, na kama mwembe ni wa jirani, wewe ndiye mwizi. Ni picha nzuri sana. Bado inaniachia swali la nani alinyoosha mkono, na sipo peke yangu: Waarabu wenyewe walikuwa wakitania kitu kisichoshikika kwa kusema ni chembamba kuliko kasb ya Ashari.

Kazini nina rafiki Mlutheri wa Lushoto. Nilipomweleza alisema karibu kwetu, nasi tumo. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, alipambana na Pelagio, mtawa aliyeipa hiari ya mtu nguvu kubwa, juu ya neema na hiari mwanzoni mwa karne ya tano. Mwaka 1525 Luther akamjibu Erasmus, mwanazuoni aliyeitetea hiari, kwa kitabu kizima cha kukana kwamba hiari ya mwanadamu iko huru mbele ya Mungu. Nikamuuliza, nyie mnaoamini hivyo ndio mnaoamka saa kumi alfajiri kupalilia? Akasema bibi yake alikuwa anamwambia neema hailimi viazi. Tukaishia hapo, chai ilikuwa imekuja.

*

Kuna vyombo ambavyo nikivikumbuka mjadala wote huu unaniwia vigumu kuuvumilia. MV Bukoba, Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza. Abiria iliyokadiriwa kubeba ni 430. Waliokufa walizidi 800, na wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Kivuko cha MV Nyerere, Septemba 20, 2018, mita chache kabla ya gati la Ukara. Uwezo abiria 101, waliokufa zaidi ya 220. Hapo neno lipo tena: uwezo uliokadiriwa. Kadari ya aina moja iliandikwa ubavuni mwa chombo kwa rangi, watu wakaivuka, kisha tukaisingizia kadari nyingine.

Siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka, waokoaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya chombo kilichoelekeza tumbo juu, alipopata nafasi yenye hewa. Nchi nzima ilisema Mungu mkubwa, nami nilisema, na nilimaanisha. Ila nilipomaliza kusema nilijikuta nawafikiria wale wa chumba cha pili.

Ninaowafikiria zaidi ni wengine kabisa. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, upande wa Nungwi, ikielekea Pemba imejaa kupita kiasi. Katika yaliyosimuliwa baadaye, kuna abiria waliokiona chombo kilivyoshehenezwa wakakataa kupanda. Walisimama gatini na mizigo yao, nauli zao ndani ya meli, watu wanawacheka labda. Walitazama bonde lenye pande mbili wakageuza ngamia. Na waliopanda wakiwa na watoto na magunia, wakiwa wameona kile kile? Walikuwa na harusi Wete, walikuwa na mgonjwa Chake Chake, walikuwa na nauli ya siku hiyo tu. Hiari ya maskini ina pande mbili za bonde, lakini mara nyingi upande mmoja umezungushiwa uzio.

Kenya, Februari 2004, waziri John Michuki alizilazimisha matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mabibi wangapi waliokoka kwa sheria ile hawajui kwamba waliokoka. Sijui mtu anawezaje kusema vifo vyao vilikuwa vimeandikwa kisha waziri akavifuta. Wala sijui anawezaje kusema havikuwa. Najua tu kwamba ningetaka waziri wa namna hiyo awepo kati ya Mkata na Kabuku.

*

Kwa miaka mingi, kila Idi, nilikuwa namuomba mdogo wangu msamaha. Ilishakuwa kama sehemu ya ibada. Tunakula pilau, tunapiga picha, kisha namvuta pembeni. Anasema nimekusamehe kaka, yaishe, halafu mwaka unaofuata naanza tena.

Sasa hivi ana banda la kutengeneza simu Ngamiani. Mguu wa bandia huwa anauvua akikaa kazini, anauegemeza ukutani nyuma ya kiti, na soksi yake juu. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa, bisibisi ndogo kama sindano, miwani imemshuka puani. Nikaanza maneno yangu. Ile siti, nikasema, ningalikukatia upande wa kulia. Kwa ajili ya jua. Jua tu.

Hakuinua kichwa. "Sikukaa siti uliyonikatia."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Pale Chalinze nilihama. Kulikuwa na jamaa siti za nyuma ana simu yenye picha za mechi, tukawa tunaangalia. Dirishani, kushoto huko huko. Palikuwa patupu." Akapuliza vumbi kwenye saketi. "Na Ijumaa nilitaka kuondoka mwenyewe. Kulikuwa na binti Tanga alikuwa ananisubiri. Mechi nilikuwa nakuzuga tu."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaomba msamaha." Sasa akaniangalia. "Wewe unafikiri ni wewe uliyepanga kila kitu siku ile. Siku, siti, tairi. Mimi nilikuwa mzigo tu, kama ile mota. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kaka. Nilipanda basi kwa miguu yangu yote miwili."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nje bodaboda zilikuwa zinagombania abiria. Baada ya muda nikauliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, "Na ile siti yangu? Alikaa nani?"

"Mama mmoja na mtoto. Walitoka wazima."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaiona yote, imenyooka, ina mwanzo na mwisho: mechi, binti, kuhama siti, mama na mtoto.

"Usianze," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Mwezi ujao anakuja Dar kubadilishiwa mguu, huu umeanza kumbana. Nikamwambia basi nitamkatia tiketi ya kuja, kwa simu tu siku hizi, dakika mbili. Akakaza skrubu ya mwisho, akabonyeza, kioo kikawaka.

"Nitakata mwenyewe," akasema. "Na nakuja Jumapili."